Likate Fagio Pale Liliposawazika, Kisha Upime

Kila mada ya momenti, yaani uwezo wa nguvu kuzungusha kitu, inapofika Kidato cha Pili, sentensi ni ileile: "Kimesawazika kwa sababu uzito wa pande zote mbili ni sawa." Wanafunzi wanaiandika kwenye mtihani na kuitetea, na wazazi wao nao wamewahi kuja kunitetea jibu hilo kwa niaba yao. Si kweli, na wino wangu mwekundu umekwisha kwa ajili yake.

Chukua fagio la mpini mrefu, lilaze juu ya kidole mpaka litulie. Kidole kitakuwa karibu na kichwa cha fagio, si katikati. Tia alama hapo, kata kwa msumeno, upime vipande vyote viwili. Chenye kichwa kitakuwa kizito zaidi, tena si kwa gramu za kubishania. Kilicholingana pale kidoleni ni momenti: uzito wa kila upande mara umbali kutoka egemeo (hapa, kidole) hadi kitovu cha uzito wa upande huo, yaani nukta ambayo uzito wote ni kama umekusanyika hapo. Kichwa ni kizito ila kiko karibu. Mpini ni mwepesi ila umefika mbali.

Wabeba maji kwa mzegazega hawahitaji maabara kulijua hili. Tuseme mti una mita 1.5, ncha moja ina ndoo ya kilo 20, nyingine ya kilo 10. Bega halikai katikati, linasogea mpaka nusu mita kutoka ndoo nzito. Kila kilo ina uzito wa newtoni 10 hivi: newtoni 200 mara 0.5 ni 100. Newtoni 100 mara 1 ni 100. (Uzito wa mti nimeuacha, ukiuhesabu, bega litarudi kidogo kuelekea katikati.) Bega bado linabeba newtoni 300 zote, hakuna aliyepunguziwa mzigo.

Lawama zangu naitupia rula. Kitabu baada ya kitabu huanza na rula ya mita iliyolazwa kwenye alama ya sentimita 50. Rula hiyo ina upana na unene uleule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nusu zake zina uzito sawa kweli, na fikra potofu inapewa vema siku ya kwanza. Mimi naanza na jembe. Rula ingoje.

Mizani ya sahani mbili nayo imechangia. Inasema kweli kwa sababu tu mikono yake ina urefu sawa. Mkono mmoja ukizidi kidogo, mizani itatulia vizuri kabisa huku mteja akipunjwa. Ukiishuku, omba bidhaa ihamie kwenye sahani ya mawe, na mawe yahamie kwenye sahani ya bidhaa. Ikiinama, umeshapata jibu.

Mengine hayanichukui muda. Eti spana ndefu inaongeza nguvu: nguvu ni ileile ya mkono wako, kilichoongezeka ni umbali, na mkono unailipa faida hiyo kwa kusafiri zaidi kila nati inapozunguka. Nati za magurudumu za magari mengi madogo hukazwa kwa newtoni mita 100 hivi. Mtu wa kilo 70 anayechomeka bomba kwenye spana na kusimama mita 1 kutoka kwenye nati ameweka 700, halafu anashangaa bolti kukatika! Tena umbali wenyewe si urefu wa spana. Hupimwa kutoka egemeo hadi mstari wa kani (mstari ambao nguvu inavutia), kwa pembe mraba. Vuta kwa mshazari wa nyuzi 30 kutoka kwenye spana yenyewe na nusu ya momenti imepotea.

Kitovu cha uzito lazima kiwe ndani ya kitu? Tazama bangili: chake kiko hewani, katikati ya tundu.

Na hili la madereva, kwamba gari zito halipinduki. Gari hupinduka pale mstari wima kutoka kitovu chake cha uzito unapotoka nje ya magurudumu, na kitovu kikiwa juu mstari huo hutoka mapema, gari liwe zito namna gani. Ndiyo maana mabasi ya ghorofa ya Uingereza hujaribiwa kwa kuinamishwa nyuzi 28 huku ghorofa ya juu ikiwa imebebeshwa uzito wa abiria. Magunia ya mkaa yawekwe chini. Magodoro ndiyo yapande keria.