Diorama ni nini, na kwa nini wengine tunaikumbuka

Kama umewahi kusali Krismasi katika parokia yoyote ya Iringa, diorama umeshaiona, ila hukuambiwa jina lake. Lile pango la Noeli linalojengwa pembeni mwa altare, nyasi kavu chini, mifuko ya saruji iliyokunjwakunjwa ikawa miamba, Mtoto horini, wachungaji ndio kwanza wanafika: hiyo ni diorama. Ni mandhari iliyoundwa kwa vitu vya kushikika, ikionyesha tukio katika dakika yake moja. Kwenye pango letu kulikuwa na kondoo mmoja mkubwa kuliko punda, maana alinunuliwa mwaka mwingine, duka jingine. Kila mwaka tulimcheka. Kumbe tulichokuwa tunakicheka ni skeli, yaani kitu kimepunguzwa mara ngapi kuliko kile halisi.

Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki, *dia*, yaani kupitia, na *horama*, kinachoonekana. Mwaka 1822 mchoraji Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walifungua jumba lenye jina hilo jijini Paris. Humo walitundika picha kubwa mno zilizochorwa kwenye kitambaa chembamba, na mwanga ulipobadilishwa mbele na nyuma yake, watazamaji waliona mchana ukigeuka jioni. Jumba liliungua 1839, jina likabaki na kuhamia kwenye mambo mengine. Ndiyo maana mandhari za wanyama wa ukubwa halisi zilizo kwenye makumbusho ya viumbe New York nazo huitwa diorama, sawa na kifaru cha vita kinachoenea kiganjani. Udogo si sharti.

Sharti ni habari. Kifaru cha plastiki kikikaa peke yake kwenye rafu ni modeli tu. Kiweke kwenye barabara ya tope, mnyororo umekatika, dereva kainama anautazama kwa hasira, na mama mmoja kasimama mlangoni na beseni lake akisubiri wampishe. Sasa una diorama, na mtazamaji ameshaanza kujiuliza nani atamsemesha mwenzake kwanza.

Skeli inayopendwa zaidi kwa vifaru ni 1:35, maana yake mtu wa sentimita 175 anakuwa na sentimita 5 kamili. Namba hii haikutoka kwa mtaalamu wa vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani, Panther, yenye mota ndani. Ukubwa wake ukapangwa ili betri zienee, na hesabu ilipopigwa ikaangukia hapo. Dunia nzima ikafuata betri.

Skeli ina ukali wake. Punje ya mchanga ya milimita moja, kwa 1:35, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Ukimwaga mchanga wa mtoni hivihivi, askari wako watakuwa wanatembea juu ya kokoto, kwa hiyo unauchekecha mpaka upate vumbi. Maji ndiyo hayakubali kabisa: tone ni tone, halipungui kwa sababu umepunguza daraja. Ndiyo maana mito ya diorama hutengenezwa kwa vanishi au rezini.

Haya yote niliyajulia kwenye magazeti ya zamani ya Kiingereza. Nilikuwa nakaa kwa mjomba Mbeya, na pale Mwanjelwa kulikuwa na mzee aliyeuza vitabu chakavu juu ya turubai. Katika rundo lake nikakuta majarida matano ya watengeneza modeli, ya miaka ya 1970, picha nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe. Zama hizo ndizo zilizokuwa na watu kama Shepard Paine wa Chicago, ambaye kampuni ya Monogram ilimpa kazi ya kutengeneza diorama, na karatasi za maelezo yake zikawa zinatiwa ndani ya maboksi ya modeli. Mtoto wa huko alinunua ndege akapata na mwalimu.

Mimi boksi sikuwa nalo, nilikuwa na udongo wa mfinyanzi. Kifaru changu kilikuwa cha udongo, mzinga wake kijiti cha mwanzi, rangi yake masizi ya chungu na majivu. Jarida moja lilieleza namna ya kukichakaza: chovya brashi, ifute kwenye tambara mpaka idhani imekauka, kisha ipitishe juujuu ili rangi ishike kwenye kingo tu. Nikajaribu kwa majivu. Kona za kile kidude zikang'aa kama chuma kilichosuguliwa na miaka. Nilikaa nikikitazama mpaka nikaitwa kula. Hatua ya nne sikuwahi kuisoma: mwenye jarida wa kwanza alikata kuponi ya kuagizia bidhaa upande wa pili, na maelezo yakaenda nayo.

Hamu hiyo ninaiita zilipendwa, ingawa mimi nilivipenda vitu ambavyo sikuwahi kuvimiliki. Na si vita ninavyovikumbuka. Ninaikumbuka ile kuponi iliyokatwa.

Vita vya kwenye majarida yale vilikuwa vya Normandy na jangwa la Libya. Lugalo haikuwemo, japo ipo hapa kwetu, kando ya barabara kuu, na mnara wake. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivizia pale kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Ningeijenga Lugalo, nisingechagua mapigano. Ningechagua dakika iliyotangulia: msafara mrefu njiani, mpagazi mmoja anahamisha mzigo bega la pili, nyasi za Agosti zimekauka, nimezitengeneza kwa nywele za brashi kuukuu. Mhehe haonekani hata mmoja. Mpaka uiname, jicho liwe sawa na meza, ndipo uzione katikati ya nyasi ncha za mikuki, nyembamba kama sindano.