Jedwali Linakubali, Ndege Iko Chini

Nafundisha marubani kuruka kwa kutegemea vyombo, na kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena nitaomba kuteremka: “Mwalimu, huu mshuko ni wa GPS, QNH haina shida.”

Haina shida? QNH ni mgandamizo wa hewa wa mahali hapo ukirejeshwa usawa wa bahari, namba unayoiseti kwenye altimita, chombo kinachosoma mwinuko kwa kupima mgandamizo wa hewa. Twende polepole.

Kwenye mshuko wa RNP (ule wa setilaiti) unaorukwa kwa kikomo cha LNAV/VNAV (mwongozo wa kushoto na kulia pamoja na wa juu na chini), setilaiti kwa kawaida inakupa kushoto na kulia tu. Juu na chini unaongozwa na altimita. Kompyuta inajua umebakiza maili ngapi kufika kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kurukia, inapiga hesabu ya futi unazotakiwa kuwa nazo hapo, kisha inalinganisha na mwinuko unaotokana na mgandamizo wa hewa pamoja na namba uliyoiseti kwa mkono wako. Namba ikiwa mbovu, mteremko mzima unahama nayo. Alama ya mteremko itabaki katikati ya skrini, imetulia vizuri tu, huku ndege ikishuka pasipostahili.

Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja, kipimo cha mgandamizo, ni kama futi 28. Kosea hektopaskali 10 kwa upande wa juu, uko futi 280 chini ya unapodhani uko. Mteremko wa nyuzi 3 hushuka futi 318 hivi kwa kila maili ya baharini, kwa hiyo mteremko uliohama kiasi hicho unakutana na ardhi takriban robo tatu ya maili kabla ya kizingiti. Tuseme kimo cha uamuzi, pale ambapo usipoiona njia unaghairi kutua, ni futi 350 juu ya kizingiti. Altimita itakapokisoma kimo hicho, chini yako kumebaki futi 70. Ukiwa unashuka futi 700 kwa dakika, hizo ni sekunde 6, na bado uko ndani ya wingu unatafuta taa.

Hapo ndipo yule mwanafunzi anayejiamini husema, “Lakini mimi nalinganisha na jedwali la umbali na mwinuko,” lile linaloonyesha uwe futi ngapi kwa kila maili iliyobaki. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu anadhani amejilinda. Kwenye ILS, mfumo wa redio wa kuongoza kutua, ulinganisho huo una maana: mteremko unatoka kwenye mtambo ulioko ardhini, altimita ni chombo kingine kabisa, na viwili hivyo vikipishana unajua kimoja kinadanganya. Kwenye mteremko wa altimita, unachokilinganisha na jedwali ni altimita ileile iliyochora mteremko. Umbali ni sahihi, mwinuko ni mbovu kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, na kila mstari wa jedwali utakubali. Umemwuliza mtuhumiwa kama ana hatia, akasema hana, ukaandika “imehakikiwa”. Altimita ya rubani msaidizi nayo haikusaidii. Ameseti namba ileile aliyoisikia kwenye redio ileile.

Anayeona nimetia chumvi asome ripoti ya BEA, wachunguzi wa ajali za ndege wa Ufaransa, kuhusu tarehe 23 Mei 2022. Airbus A320 ilikuwa inakaribia njia 27R ya Paris Charles de Gaulle kwa mshuko wa aina hii hii, mvua inanyesha. QNH halisi ilikuwa 1001. Muongoza ndege akatamka 1011, marubani wakarudia 1011. Ndege nyingine ilipewa 1011 hiyo hiyo, marubani wake wakarudia 1001, na tofauti ikapita hewani bila mtu kuishika. Wale wa A320 walifika kwenye kikomo chao hawajaona kitu, wakaghairi kutua. Wakati ndege inaanza kupaa, redio-altimita, inayopima kimo juu ya ardhi kwa mawimbi ya redio, ilisoma futi 6. Sita. Chini ya maili moja kabla ya kizingiti, pasipo na njia ya kurukia. Mfumo wa ndani wa kuonya juu ya ukaribu wa ardhi haukulia. Kilicholia ni tahadhari kwenye skrini ya muongoza ndege. Marubani walizunguka wakarudi na namba ileile mbovu; safari ya pili waliiona njia kwa macho, wakarekebisha.

Dawa yangu ni ya bei rahisi, na wanafunzi wangu wameichoka: QNH inatoka sehemu mbili kabla mshuko haujaanza. Ya ATIS, taarifa ya uwanja iliyorekodiwa inayosikika redioni, iandike kwa kalamu kwenye karatasi ya gotini, na saa yake pembeni. Muongoza ndege akikupa yake, iandike chini ya ile ya kwanza. Zikipishana zaidi ya hektopaskali moja au mbili, uliza, na uulize kwa kutaja zote mbili: “Tulipokea 1001, umesema 1011, thibitisha.” Ukisema tu “thibitisha QNH” atakusomea tena kosa lake. Mwenye redio-altimita aitazame pia, akikumbuka kwamba inapima ardhi iliyo chini ya tumbo la ndege wakati huo, iwe bonde au kilima, wala si kimo juu ya njia.

Kwa wale wa LPV, mshuko ambao setilaiti inakuongoza juu na chini pia: ndiyo, mteremko wenu unatoka kweli kwenye setilaiti. Kimo cha uamuzi mnakisoma wapi? Kwenye altimita. Basi.

Dhana nyingine: “ATIS niliyoichukua nusu saa iliyopita inatosha.” Siku tulivu, huenda. Siku ya ngurumo, hapana. Mgandamizo hushuka haraka dhoruba inaposogea, hupanda ghafla upepo wa kwanza wa baridi na mvua kubwa vinapofika, kisha hurudi kawaida dhoruba ikipita, na mzunguko wote huo unaweza kwisha ndani ya dakika 15. Asiyepata namba mpya anaweza kukosea kwa zaidi ya futi 100. Mnamo 12 Novemba 1995, MD-83 ya American Airlines iligonga miti ikikaribia uwanja wa Bradley, jimbo la Connecticut, Marekani, usiku ambao mgandamizo ulikuwa unaporomoka. Sababu kuu waliyoitaja wachunguzi ni marubani kushuka chini ya kikomo cha mshuko. Lakini waliongeza mawili: muongoza ndege hakuwapa QNH ya wakati huo, na wao hawakuiomba. Hakuna aliyekufa.

“Namba nikiipata kwenye redio, siwezi kuikosea.” Jaribu hii. Rubani aliyezoea inchi za zebaki anaingia kwenye anga inayotumia hektopaskali. Anaambiwa QNH ni 992. Sikio lake limezoea 29.92, mkono unazungusha kitufe, na kwenye kidirisha cha altimita inakaa 29.92, ambayo ni 1013. Tofauti ni hektopaskali 21, karibu futi 600, tena upande ule unaoua. Tamka kipimo pamoja na namba, kila mara, hata ukionekana mshamba.

“QNH tayari imeshahesabu baridi.” Haijahesabu. QNH sahihi inakupa mwinuko sahihi ukiwa umesimama uwanjani. Ukipanda kwenye hewa ya baridi, altimita inakusomea zaidi ya ulichonacho. Kadiria asilimia 4 ya kimo chako juu ya uwanja kwa kila nyuzi 10 chini ya joto la kawaida, ambalo usawa wa bahari ni nyuzi 15. Uwanja ulio usawa wa bahari wenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ukiwa futi 2,000 juu yake, unakuibia futi 280 hivi. Ni kosa lilelile la Paris, na safari hii hakuna aliyetamka vibaya. Usichezee QNH kulirekebisha. Ongeza futi kwenye miinuko ya ramani, kisha mwambie muongoza ndege umeongeza ngapi. Na kama ramani ya mshuko ina kikomo cha joto kwa LNAV/VNAV, kisome kabla hujaupanga, si ukiwa maili 5 kutoka kizingiti.

“Rada inaona nilichoseti.” Mara nyingi haioni. Transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, hutuma mwinuko kwa msingi wa 1013 siku zote, kitufe chako kiwe popote. Mtambo wa ardhini ndio unaourekebisha kwa QNH uliyonayo wenyewe. Kwa hiyo muongoza ndege akikuambia anakuona futi 300 chini ya unachokisoma, usianze kumwambia rada yake ni mbovu. Acha kushuka kwanza, kisha tazama kidirisha.

Na “QNH ikipanda sina wasiwasi, nitakuwa juu zaidi.” Juu zaidi, ndiyo, ukiingia kwenye mwinuko wa ndege nyingine, halafu ufike kizingiti ukiwa na futi za ziada unazolazimika kuzimwaga kwenye maili moja ya mwisho.