Mpanda ngazi hushuka: kumvusha mbwa mzito vikwazo vya mlimani

Mimi ni daktari wa wanyama, mzaliwa wa Moshi, na kwa miaka kadhaa sasa ninaishi na kufanya kazi Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England, katika eneo la milima ya Lake District. Hapa, tofauti na kule nyumbani ambako mbwa havuki geti la Hifadhi ya Kilimanjaro, watu hupanda mlima na mbwa wao kama jambo la kawaida la Jumapili, na Jumatatu asubuhi baadhi yao huja kliniki wakiwa wamemshika mbwa anayechechemea. Nikiwauliza aliumia wapi, ni nadra kutajiwa njia ndefu ya kawaida. Hutajiwa mahali pamoja: ukuta, ngazi, jiwe lililokata njia, na mara nyingi ilikuwa wakati wa kushuka.

Mwezi Julai 2020 mbwa wa jamii ya St Bernard aitwaye Daisy, mwenye uzito wa kilo 55, alizimika nguvu akiwa anateremka Scafell Pike, mlima wa mita 978 ambao ndio mrefu kuliko yote ya England. Miguu yake ya nyuma ilikuwa inamuuma, akalala chini na kukataa kuinuka. Waokoaji 16 wa kujitolea wa kikosi cha Wasdale walimbeba kwa machela, baada ya kupata ushauri wa madaktari wa wanyama kuhusu dawa ya maumivu na baada ya kumbembeleza kwa vitafunio hadi akatulia, na kazi hiyo ikawachukua karibu saa tano. Simlaumu mwenye mbwa yule hata kidogo. Ninautaja mkasa huo kwa sababu ya hesabu yake: mbwa wa kilo 55 akikataa kutembea, watu wawili hawamtoi mlimani. Kwa hiyo, kabla sijamruhusu mbwa wangu kupanda kikwazo chochote, najiuliza jinsi nitakavyomshusha, na kama sina jibu, hatupandi.

Mbwa wangu anaitwa Bosi, ni Rottweiler wa kilo 46. Akisimama mahali tambarare, takriban asilimia 60 ya uzito huo iko kwenye miguu ya mbele, na akielekea mteremkoni sehemu hiyo inaongezeka. Tena mbwa hana mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua, unaofanya kazi kama wetu. Mguu wake wa mbele umeshikizwa kiwiliwili kwa misuli tu, bila kiungo cha mfupa kwa mfupa. Ndiyo maana kumvuta mbwa kwa miguu ya mbele ili apande jiwe, kama tunavyomvuta mtoto kwa mikono, ni kosa linaloweza kumchana misuli ya bega. Kumvuta kwa mkanda wa shingoni ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito wote unaning'inia kwenye koo na uti wa shingo. Kwa upande wa nyuma, mbwa wakubwa, na Rottweiler hasa, wana tabia ya kukatika kano la ndani ya goti, na wakati mwingine inatosha mguu kuteleza na goti kujisokota. Mbwa mkubwa ambaye hajatimiza walau mwaka mmoja na nusu sishauri kabisa arukishwe vikwazo, kwa maana mifupa yake bado inakua.

Kifaa ninachokiamini ni mkanda wa kifuani wenye mikanda mitatu ya kuzunguka mwili, ule wa tatu ukipita nyuma ya mbavu, pamoja na kishikio imara mgongoni. Mkanda wa mizunguko miwili unafaa mtaani, lakini ukimvuta mbwa kutoka mbele huku yeye akirudi nyuma kwa woga, anaweza kuchomoka ndani yake kama mtu anayevua fulana. Upime nyumbani: mwinue mbwa kidogo tu, sekunde mbili au tatu, miguu ikiacha sakafu, na uangalie kama mkanda unapanda kooni au unabana makwapani. Kishikio hicho ni cha kumsaidia mbwa anayejipandisha mwenyewe na kumzuia asiporomoke. Hakikuwekwa ili abebwe kama sanduku la safari.

Kikwazo kilichonifundisha zaidi hakikuwa hata juu mlimani. Milima hii imegawanywa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mahali njia inapokutana na ukuta huwekwa ngazi ya mbao inayopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, mithili ya herufi A. Mwaka wa kwanza Bosi aliipanda ngazi kama hiyo kwa pupa kabla sijamwambia neno. Alipofika kileleni akaweka miguu miwili ya mbele kwenye kidato cha kwanza cha kushukia, akaona nafasi wazi kati ya vidato, akaganda. Kucha zilikuwa zinakwaruza mbao iliyolowa na mapaja yanatetemeka. Nilikuwa nyuma yake, upande usiofaa, na mke wangu alikuwa bado mbali. Nilisikia tu anapiga kelele, "Baba Neema, mshike nyonga!" nikanyoosha mkono nikakamata hewa. Bosi aliruka. Alitua kwa miguu ya mbele kwenye majani, akainuka, akatembea kama hakuna kitu, na jioni kiungo cha chini cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba. Alipumzishwa wiki sita.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu haubadiliki. Kwanza tunatafuta mbadala. Kando ya ngazi nyingi kuna kijimlango cha mbao kinachoinuliwa kwenda juu, kilichowekwa kwa ajili ya mbwa, ingawa baadhi yake vinamtosha mbwa wa kuchungia kondoo tu na Bosi hukwama mabegani. Ramani za hapa za kipimo cha 1:25,000 zinaonyesha kuta na uzio, kwa hiyo mara nyingi tunaweza kukisia geti la mkulima lilipo, na dakika kumi za kufuata njia inayoelekea huko si hasara. Kumpandisha mbwa juu ya ukuta wenyewe hatufanyi, kwa sababu mawe yale yanaporomoka, yakamwumiza mbwa na kumwachia mkulima kazi.

Kama hakuna mbadala, mtu mmoja anavuka kwanza akiwa mikono mitupu, Bosi akikaa kwa amri ya "subiri". Kisha mimi nampandisha taratibu, mkono mmoja kwenye kishikio, na kila mguu unawekwa kidatoni kabla ya mwingine kunyanyuliwa. Mguu ukiingia kati ya vidato na mwili ukaendelea mbele, mfupa unavunjika. Kwa hiyo mkono wangu wa pili uko kwenye paja, tayari kuurudisha. Akifika juu hashuki kwa miguu yake. Mke wangu anampokea kifuani, mkono mmoja ukipita mbele ya kifua na mwingine chini ya mbavu, mimi nashika chini ya tumbo na nyuma ya mapaja, tunahesabu tatu, tunamshusha akiwa ubavu, mgongo wake umenyooka. Hili tulilifanyia mazoezi nyumbani kwa wiki kadhaa kwenye benchi ya bustani, kwa sababu mbwa ambaye hajazoea kubebwa hujipinda, na kilo 46 zinazojipinda juu ya ngazi zinaweza kuwaangusha watu wazima wawili.

Kwenye mawe ya mlimani amri ile ile ya "subiri" ndiyo nguzo, na ya pili yake ni "rudi", yaani kurudi kinyumenyume, ambayo watu wengi hawamfundishi mbwa hadi siku anapojikuta kwenye ukingo mwembamba asiweze kugeuka. Panapohitajika kupanda jiwe la kimo cha kiuno, mtu wa juu anashika kishikio na wa chini anaweka bega chini ya matako ya mbwa, akiwa amesimama kidogo pembeni ili mbwa akiteleza asimwangukie. Kamba haizungushwi mkononi wala haifungwi kiunoni, akianguka, anakuvuta.

Karibu na kilele cha Scafell Pike njia inapita juu ya majabali yaliyorundikana yenye mianya kati yake. Hapo nafungua kamba ikiwa hakuna kondoo karibu, kwa sababu kamba inayokaza ghafla humpotezea mbwa mizani, na ninatembea polepole kuliko ninavyopenda, kwani mbwa hufuata mwendo wa mwenyewe. Viatu vya mbwa huvaa Bosi kwenye theluji tu, maana kwenye jiwe vinamnyima hisia ya nyayo. Penye ng'ombe sheria ya busara ni moja: wakikufukuza, mwachie mbwa kamba, atakimbia kuliko wao. Kwa kondoo, sheria ya ardhi ya wazi, yaani ile ambayo umma unaruhusiwa kutembea hata nje ya njia, inakutaka utumie kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na wakati wowote mifugo ikiwa karibu.

Kuna njia ambazo nimeziacha kabisa. Helvellyn, wenye mita 950, wengi huupanda kupitia ukingo wa Striding Edge, na mwishoni mwa ukingo huo kuna jiwe la kuteremka kwa mikono na miguu, huku watu wakipanga foleni nyuma yako. Mbwa mdogo unambeba kwenye begi. Bosi siwezi, na sitaki kumfanyia majaribio juu ya korongo. Sisi hutoka Glenridding kwa njia ya zamani ya farasi inayozunguka kupitia Keppel Cove, ambayo ni ndefu zaidi lakini haina mahali pa kumbeba, na kilele tunakifikia vile vile.

Begani ninabeba shuka la kumbebea lenye mishikio, bendeji, na kifunga mdomo laini, kwa sababu mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Hicho hakivalishwi mbwa anayehema kwa joto, kwani kuhema ndiko kunakompoza. Tukirudi kwenye gari, kabla hajala, namlaza ubavu kwenye blanketi na kuanza na mguu wa mbele wa kushoto, ule uliovimba mwaka wa kwanza. Nakunja kiungo, nabonyeza kati ya vidole, naangalia kama ukucha umepasuka, kisha nahamia wa kulia, halafu magoti ya nyuma, moja moja, nikimtazama usoni kuona kama analamba midomo au anageuza kichwa.