Usiniulize uzi wa kuvulia ubadilishwe baada ya miezi mingapi, nionyeshe mita 20 za mwanzo

Juzi kijana mmoja wa Ujiji kaniletea rili yake ya kuvulia nimkazie breki. Samaki wawili, kuhe, walimponyoka siku moja, uzi umekatika mara zote mbili. Breki sikuigusa. Nilivuta uzi mita moja hivi, nikapiga fundo, nikajizungushia kitambaa mkononi, nikavuta. Ukakatika bila hata kutanuka, na boksi lake linasema unabeba kilo 9. Akashangaa. "Fundi, huu haujatumika! Tangu ziwa lifungwe ulikuwa umekaa tu."

Umekaa tu. Neno hili nimelisikia mpaka nimechoka, ndiyo maana naandika.

Nilimuuliza ulikaa wapi. Kwenye ufito, ufito umetundikwa ukuta wa nje unaotazama ziwani, jua lote la alasiri linaupiga. Ziwa Tanganyika lilifungwa, watu wasivue, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Hicho ni kiangazi chetu, wiki zinapita bila wingu. Uzi wake ni wa nailoni. Nailoni ni plastiki, na mionzi ya jua huikatakata kwa ndani kidogokidogo mpaka inakauka na kuwa kama jani. Kwa hiyo uzi uliolala miezi mitatu juani unaweza kuwa mbovu kuliko wa jirani yake aliyevua mwezi mzima na kuuweka ndani kila anaporudi. Na ukinunua uzi, angalia duka limeutundika wapi. Spuli iliyoning'inia mlangoni miezi kadhaa nayo ni ya zamani, hata kama nailoni ya kufungia haijachanwa.

Wengine wananiambia maelekezo yanasema ubadilishe mara moja kwa mwaka. Kwa mtu wa Jumapili, anayehifadhi vifaa vyake kivulini, sibishi. Lakini ushauri mwingi wa namna hiyo unatoka nchi ambako maziwa yanaganda na ufito unalala kabatini miezi mingi. Sisi tuko digrii 5 hivi kusini ya Ikweta, na mawe ya Katonga, huku kwetu Kigoma tunakovua, hayana likizo.

Hayo mawe ndiyo kiini cha jambo. Uzi hauchakai sawasawa. Rili ina mita 200, wewe ukirusha unatumia 40 au 50. Zilizobaki chini ya spuli hazijaona jua wala jiwe. Zinazoumia ni mita 20 za mwanzo, na zaidi sana zile mbili zilizo karibu na ndoana: zinaburuzwa kwenye miamba, zinasuguliwa na chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, zinabeba kishindo chote samaki anapogeuka. Mimi nikitoka kwenye mawe nakata mita mbili, tatu, nafunga ndoana upya, kila safari. Niliwahi kuona uvivu kufanya hivyo, nikapoteza sangala aliyekuwa ameshafika ubavuni mwa mtumbwi; uzi uliobaki mkononi ulikuwa umekwanguka kama umepitishwa kwenye msasa.

Kwa hiyo huna haja ya kutupa uzi wote na kulia na bei. Kata nusu ya juu, unganisha mpya kwa fundo linalopita vizuri kwenye pete za ufito, jaza spuli mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni. Anayevua kila siku kwa nailoni, hiyo nusu ya juu naibadilisha baada ya miezi mitatu, minne. Nasema hivyo kwa kuwa nimezoea, lakini nakiri kipimo changu cha vidole si mizani. Nina hakika nimeshatupa uzi mzima uliokuwa na uhai. Pia kupima ukiwa mkavu kunadanganya: nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu. Loweka kwanza saa moja, ndipo uvute.

Uzi wa kusuka ni habari nyingine, haunywi maji na unadumu miaka. Kufifia rangi si ugonjwa; manyoya ndiyo ugonjwa. Mita za juu zikiota manyoya, geuza uzi wote, wa chini uwe juu. Flurokaboni, aina nyingine ya uzi wa plastiki, nayo jua haliiwezi kirahisi, ila ikipata kovu au ikijikunja pembe kali, kata hapohapo bila huruma.

Na kama uzi mpya unakatika palepale ulipokatika wa zamani, acha kuulaumu. Chukua pamba, izungushe ndani ya kila pete ya ufito. Itakaponasa nyuzi zake, pana ufa. Pete moja iliyopasuka itakula kila uzi utakaoweka.

Yule kijana nilimkatia mita 60. Chini yake uzi ulikuwa bado unang'aa. Niliulowesha, nikaufunga fundo, nikavuta mpaka kitambaa kikanibana vidole, haukukatika. Nikaunganisha mpya juu, breki nikaiacha kama ilivyokuja. Ile iliyokatwa niliikatakata vipande vifupi kwa mkasi kabla ya kuitupa takataka. Nanyi fanyeni hivyo, msiiache Kibirizi ufukweni: ndege akinasa miguu humo hajinasui.