Kabla ya Kutaja Bei

Wateja wangu wengi huja na ombi moja: "Tuandikie mambo ya kuepuka." Wiki ijayo wanapokea wageni kutoka Tokyo au Amsterdam, na wanataka karatasi moja ya kusoma wakiwa wamekwama kwenye foleni ya Mombasa Road wakielekea uwanja wa ndege. Karatasi huwa nawapa, maana ndiyo wanayoilipia. Lakini haisaidii sana, kwa sababu mgeni akifanya jambo ambalo halimo kwenye karatasi, unabaki umekodoa macho.

Kazi yangu ni kuandaa kampuni za Nairobi kwa vikao na wanunuzi na wasambazaji wa nje, na kila mara huanza na swali moja: ukimwangusha huyu mtu, atakimbilia wapi? Mahakamani? Kwa mzee aliyewakutanisha? Kwa wakubwa wake walioidhinisha? Au hana pa kukimbilia, na kwa hiyo lazima akujue vizuri kabla hajatoa hata shilingi? Desturi nyingi za biashara zimejengwa juu ya jibu la swali hilo.

Tuanze nyumbani, maana nasi tuna mambo yetu yanayomshangaza mgeni. Kikao cha saa tatu asubuhi pale Upper Hill kinafunguliwa kwa maombi. Zinafuata habari za safari, za nyumbani, za mvua. Mwenyekiti anawataja waheshimiwa mmoja baada ya mwingine, mpaka msemaji anayefuata anatuokoa kwa kusema "itifaki imezingatiwa". Chai inamiminwa. Nusu saa imekwisha, pesa hazijatajwa, na Mjerumani aliye kwenye kona anaitazama saa yake kwa mara ya tatu. Anachokosa kuona ni kwamba kazi imeshaanza. Tumejua nani kamleta nani, nani ana sauti ya mwisho, na nani yupo kwa ajili ya picha tu. Kesi ya madai inaweza kuvutana mahakamani kwa miaka, kwa hiyo hapa kwetu kumjua mtu pamoja na waliomleta ni sehemu ya mkataba wenyewe.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa limeiva, nenda soko la mifugo la Garissa. Dalali na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shali, na bei inatajwa kwa vidole. Kidole kimoja, viwili, mkono mzima. Kama kidole ni elfu moja au elfu kumi, mnyama aliyesimama mbele yao anatosha kueleza. Watu wamewazunguka, lakini wanaona nyuso mbili tu, na nyuso zenyewe hazisemi kitu. Mapatano yakivunjika, hayaachi alama: muuzaji hajulikani kwamba alikuwa tayari kushuka, na mnunuzi hajaaibika kwa kutoa kidogo. Yule dalali naye hayupo pale kwa ajili ya kamisheni peke yake. Ndiye anayemdhamini muuzaji kwamba mnyama si wa wizi. Jina lake likichafuka, hana kazi tena sokoni.

Sasa panda ndege uende Aalsmeer, karibu na Amsterdam, ambako baadhi ya waridi za Naivasha hupigwa mnada. Dalali wa pale ni saa. Inaonyesha bei inayoanzia juu na kushuka kwa kasi, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayeuchukua mzigo. Ni sekunde chache tu kwa kila fungu. Siku hizi wengi hubonyeza kwa intaneti wakiwa ofisini kwao. Bei inaonekana na kila mtu, na karibu kila jambo la ua limeshaandikwa: urefu wa shina, daraja la ubora, ua limefunguka kiasi gani. Mnunuzi hahitaji kukujua wala kumjua aliyekuleta. Anahitaji yale maandishi yawe ya kweli.

Ndiyo maana barua pepe ya Mholanzi husomeka kama kofi. "Shina ni sentimita 50, tuliagiza 60. Tutalipa bei ya 50. Picha zimeambatishwa." Hakuna salamu ya maana wala pole. Nimewaona mameneja wa mashamba wakikaa na barua ya namna hiyo siku mbili bila kuijibu, wakidhani uhusiano umekufa. Mwenzao kule ameshaisahau na anasubiri tarakimu. Mjibu siku hiyo hiyo kwa mistari mitatu: tumeona, sababu ni hii, mzigo wa Alhamisi utakuwa hivi.

Shida kubwa zaidi iko upande wetu, na inaitwa "hakuna shida". Mgeni anauliza kama tunaweza kuongeza masanduku wiki ya Valentino. Meneja anajua fika kwamba hawezi, lakini kumkatalia mgeni ndani ya nyumba yako ni kukosa adabu, basi anasema hakuna shida, tutaangalia. Mkenya mwenzake angelisoma jibu usoni. Mholanzi ameliandika kwenye daftari na ameshawaahidi wateja wake. Ninachowafundisha watu ni kukataa kwa tarakimu: "Wiki hiyo tuna masanduku haya tu. Baada ya tarehe 20 tunaweza kuongeza." Humo hamna matusi, na kwake huo ndio uungwana wenyewe.

Na Wajapani? Kwao watu hung'ang'ania kadi. Ni kweli, kadi hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea anayepokea. Unaisoma, kisha unaiweka mezani mbele yako, ukizipanga zote kufuata walivyokaa wenyewe. Usiitie mfuko wa nyuma ukaikalia, wala usiandike juu yake mwenyewe akiwa anakutazama. Lakini jambo zito liko kwingine. Kampuni nyingi za Kijapani zina utaratibu uitwao ringi: pendekezo linaandikwa na maofisa wa chini, linapita idara hadi idara, na kila mhusika anagonga muhuri wake mpaka lifike juu. Kabla hata halijaandikwa kumeshapita mazungumzo ya pembeni, nemawashi, ya kumtayarisha kila mmoja. Kwa hiyo mtu aliyeketi mbele yako, hata awe na cheo gani, kwa kawaida hawezi kukupa neno siku hiyo. Mkurugenzi wa Nairobi anayepiga meza kwa furaha na kusema "basi tukubaliane leo" anamtia mgeni wake aibu.

Baada ya hapo kimya, wiki nyingi. Kisha inakuja orodha ndefu ya maswali yanayoonekana ya kipuuzi: joto la stoo usiku, nani anashika funguo, mashine ilikaguliwa lini. Kampuni nyingi hukasirika hapo. Mimi hufurahi, kwa sababu maswali hayo yanaonyesha kwamba karatasi inatembea na kila mwenye muhuri anataka jibu lake. Jibu yote, hata lile la funguo.

Wachina nitawapitia haraka, kwa kuwa wafanyabiashara wa Nyamakima na Eastleigh wanawajua kuliko mimi. Kiwanda hudai malipo ya awali, mara nyingi asilimia 30, na salio kabla kontena haijapakiwa. Mwaka Mpya wao huhama kati ya mwisho wa Januari na Februari, na viwanda hufunga wafanyakazi waende makwao, kwa hiyo oda ya Januari ihesabu kuwa ya Machi. Kwenye maonyesho ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, utaalikwa chakula cha jioni. Kiti kinachotazama mlango si cha kujikalia tu. Subiri uonyeshwe pa kukaa. Kama hunywi pombe, sema mapema na unyanyue chai yako. Anayekubali glasi ya kwanza kisha akakataa ya tano ndiye anayeonekana amegeuka.

Na kalenda, jamani. Falme za Kiarabu zilihamia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili Januari 2022, Ijumaa ikiwa nusu siku kwa ofisi za serikali, lakini Saudia bado ni Ijumaa na Jumamosi. Ukimpigia mtu wa Riyadh Ijumaa mchana usishangae asipopokea. Waethiopia wanahesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, raha iliyoje, ila kalenda yao iko nyuma kwa miaka saba au minane. Tarehe kwenye hati zao itazame mara mbili.

Zawadi ndizo zinazoleta kesi. Mjapani huja na kifurushi kilichofungwa vizuri, na kwa kawaida hatarajii ukifungue mbele yake. Mchina usimpe saa ya ukutani, kwao inahusishwa na mazishi. Mmarekani au Mwingereza anaweza kukurudishia kiondo chako kwa adabu kubwa, na wewe ukakasirika bure: kampuni yake ina masharti makali kuhusu zawadi, kwa kuogopa sheria ya hongo ya Marekani ya 1977 au ya Uingereza ya 2010, zote zinazofuata hongo hadi nje ya mipaka. Nasi tunayo Sheria ya Hongo ya 2016, inayozitaka hata kampuni za binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo. Ushauri wangu ni mkali kidogo: zawadi iwe ya bei ndogo, iwe na jina la kampuni, itolewe mbele ya watu wote, na zabuni ikishatangazwa usitoe chochote, hata kalenda ya ukutani.

Wengine huniuliza kama wajifunze kuinama kama Wajapani. Hapana. Mgeni aliyekuja Nairobi anatarajia kusalimiwa kama wanavyosalimiana watu wa Nairobi, na mkono wa kulia unatosha. Afadhali muda huo uutumie kuamua nani atakaa mezani. Tunapenda kujaza chumba na wakubwa, halafu mnunuzi anauliza kuhusu joto la stoo na wote wanatazamana. Mlete yule kijana wa stoo. Mpe kiti, mtambulishe kwa jina na kazi yake, na umruhusu ajibu mwenyewe.