Sulh-i kul haikuwa dini ya Akbar

Juzi nimemsikia tena mtu, tena aliyesoma vizuri, akieleza kwamba sulh-i kul ilikuwa "ile dini mpya ya Mfalme Akbar". Sivyo. Sulh-i kul ilikuwa kanuni ya utawala ya Akbar, aliyeitawala dola ya Mughal huko India kuanzia 1556 hadi 1605: kwamba mfalme awalinde raia wake wote, wa dini na madhehebu yoyote, na mtu asiadhibiwe kwa imani yake. Aliyeijengea hoja kwa maandishi ni Abu'l-Fazl, mwanachuoni wa baraza lake.

Nadhani sisi Waswahili tunapotoshwa na neno lenyewe, kwa kuwa sauti zake tumezizoea. Ni neno la Kiajemi lililoundwa kwa maneno ya Kiarabu. Sulh ndiyo suluhu yetu, iliyotoka katika mzizi mmoja na maslahi. Kull ndiyo iliyotupatia kila. Na ile "i" ya katikati ni kiunganishi cha Kiajemi, kinachofanya kazi ya "ya" yetu. Ukilitafsiri sehemu kwa sehemu unapata "suluhu ya wote", na hapo ndipo kosa linapoanza. Kwetu, suluhu hutanguliwa na ugomvi, humhitaji mpatanishi, na huisha kwa kila upande kulegeza kidogo; hata watangazaji wa mpira, timu zikimaliza bila bao, husema zimetoka suluhu. Kwa hiyo msikilizaji hudhani kwamba Akbar aliwaketisha Waislamu, Wahindu, Wajaini na Wakristo, akachota kidogo kwa kila mmoja, kisha akavipika vyote katika chungu kimoja.

Kweli aliwaketisha, katika Ibadat Khana, jumba la mijadala alilolijenga Fatehpur Sikri mwaka 1575, ambako hata mapadri Wajesuti kutoka Goa walifika na kubishana. Lakini mijadala ile haikuzaa mapatano, wala haikutakiwa mtu aache sehemu ya dini yake. Katika sulh-i kul hapakuwa na pande mbili za kupatanishwa. Palikuwa na mfalme mmoja, ambaye kwa hoja ya Abu'l-Fazl alipewa nuru na Mungu, na kwa hiyo hakustahili kupendelea kundi. Ulikuwa wajibu wa mtawala, si haki ambayo raia angeweza kumdai.

Kile kinachoitwa dini mpya, Din-i Ilahi, ni jambo jingine: kikundi kidogo cha wafuasi waliokula kiapo cha utii kwa Akbar mwenyewe, bila kitabu kitakatifu wala makuhani. Raja Man Singh, Mhindu na mmoja wa majemadari wake wakubwa, alikataa kujiunga, na cheo chake hakikuguswa. Kama sulh-i kul ingekuwa ndiyo dini hiyo, kukataa kwake kungekuwa uasi.

Mimi huitafsiri "amani kwa wote", ingawa nayo ina kasoro yake, kwani Akbar hakuacha vita: aliitwaa Kashmir mwaka 1586 na ngome ya Asirgarh mwaka 1601. Amani hiyo ilikuwa ya waliokwisha kuwa chini yake.