Kama Rasi Isingeondoka Mikononi mwa Waholanzi

Kila mwaka nikianza somo la Afrika Kusini, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: Mwalimu, Makaburu si ndio Waholanzi wenyewe? Ni swali la haki. Neno Kaburu limetokana na "boer", yaani mkulima kwa Kiholanzi, na sisi tuliokua wakati wa mapambano ya ukombozi tulilisikia redioni karibu kila siku. Tulijua Makaburu ni serikali ya Pretoria, na basi.

Lakini gavana wa mwisho wa Uholanzi aliondoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1806. Chama kilichotangaza sera ya ubaguzi wa rangi kiliingia madarakani mwaka 1948, miaka 142 baadaye, na sehemu kubwa ya kipindi hicho katikati bendera iliyopepea Cape Town ilikuwa ya Uingereza. Ndiyo sababu swali la mwanafunzi huwa nalijibu kwa swali jingine: ingekuwaje kama Uholanzi isingenyang'anywa Rasi? Nimelifikiria kwa miaka mingi, na jibu nililolifikia huwashangaza wengi. Naamini kwamba mengi tunayoyaona leo kuwa ni Uholanzi ndani ya Afrika Kusini yamesalia kwa sababu Uholanzi iliondoka. Ingebaki, yangefutika, na yangefutwa na Waholanzi wenyewe.

Zoezi la namna hii halina maana bila njia panda ya kweli. Huwezi kusema tu "tuchukulie Waingereza hawakuja." Walikuja, na walikuwa na sababu. Kwa hiyo nitaeleza kwanza njia panda ninayoitumia.

Rasi haikuanzishwa iwe nchi. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC, ilimtuma Jan van Riebeeck, akatia nanga Table Bay tarehe 6 Aprili 1652 ili mabaharia wa meli ziendazo Batavia, Jakarta ya leo, wapate maji, mboga na nyama. Nyama ilikuwa ng'ombe wa Wakhoikhoi, wenyeji wa Rasi, na mboga zikalimwa kwenye malisho yao. Mwaka 1657 watumishi kadhaa wa Kampuni wakapewa mashamba, na mwaka 1658 zikafika shehena mbili za watumwa, moja ya watu wa Angola, nyingine kutoka Afrika Magharibi. Baadaye wakaletwa watu wa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Kampuni zilifika hata pwani yetu, Zanzibar ikiwemo, kununua binadamu. Wasomaji wa pwani wasidhani basi kwamba nasimulia habari za mbali.

Mwaka 1795 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uholanzi, mtawala wake, Mwana wa Mfalme wa Orange, akakimbilia Uingereza, na Waingereza wakaichukua Rasi baada ya mapigano ya Muizenberg. Mkataba wa Amiens wa 1802 ukairudisha. Februari 1803 ikakabidhiwa kwa Jamhuri ya Batavia, jina la Uholanzi ya wakati ule, chini ya kamishna Jacob Abraham de Mist na gavana Jan Willem Janssens. Tarehe 8 Januari 1806 Waingereza wakashinda tena, safari hii huko Blaauwberg. Halafu likaja lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko vita vyote viwili: mkataba uliotiwa saini London tarehe 13 Agosti 1814. Uingereza iliirudishia Uholanzi Java. Iliirudishia Suriname. Ikabaki na Rasi, pamoja na Demerara, Essequibo na Berbice kule Amerika ya Kusini.

Tafakari kidogo hapo. Java ilikuwa na thamani kuliko Rasi mara nyingi, na ilirudishwa. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Castlereagh, alitaka Uholanzi yenye nguvu iwe ukuta kaskazini mwa Ufaransa. Rasi yenyewe ilikuwa imeshawahi kurudishwa mara moja. Uingereza ilikuwa pia imeitwaa Mauritius kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, na Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ilikuwa yake. Wangeamua kwamba Mauritius na Ceylon zinatosha kulinda njia ya India, Rasi ingeingizwa katika fungu la Java na Suriname. Hiyo ndiyo njia panda yangu. Haihitaji muujiza wowote, ila maamuzi tofauti kidogo mezani London.

Sasa tunajuaje yangefuata nini? Ukitaka kujua mtoto aliyechukuliwa na jirani angelelewaje nyumbani, watazame ndugu zake waliobaki. Rasi ina ndugu watatu waliobaki na Uholanzi: Java, Suriname, na ngome za Gold Coast, Ghana ya leo, pale Elmina.

Anza na sheria, maana hapo ushahidi ni mzito. Mahakama za Afrika Kusini mpaka leo zinatumia sheria ya Kirumi-Kiholanzi, na mawakili wa Johannesburg huweza kunukuu wanasheria wa Uholanzi wa karne ya 17, akiwemo Hugo Grotius. Mahakama za Amsterdam hazihukumu tena kwa sheria hiyo. Uholanzi iliiacha mwaka 1809 ilipopewa kanuni za Napoleon, na mwaka 1838 ikatunga kanuni zake mpya za madai. Java ikapokea kanuni kama hizo mwaka 1848, Suriname mwaka 1869. Rasi ingefuata mkondo huohuo. Waingereza walipoiteka waliahidi kutogusa sheria waliyoikuta, na kwa ahadi hiyo wakaihifadhi kama samaki kwenye chumvi. Ceylon, nayo koloni la Uholanzi lililotekwa na Waingereza, ilihifadhiwa vivyo hivyo. Huko alikobaki Mholanzi, sheria ile ya kale ilikufa.

Lugha ni jambo gumu zaidi, na hapa nasema kwa tahadhari. Kiafrikaans, lugha iliyotokana na Kiholanzi, kilikuwa kimeshaanza kuchipuka kabla ya 1806, midomoni mwa watumwa, Wakhoikhoi, askari na walowezi waliochanganyika jikoni na machungani. Kingeendelea kusemwa. Kilichohitaji msukumo ni kukiinua kiwe lugha ya shule, magazeti na bunge, na msukumo huo ulitokana na Kiingereza. Mwaka 1822 gavana Charles Somerset alitangaza kwamba Kiingereza kitakuwa lugha rasmi ya Rasi. Watu waliohisi ulimi wao unakatwa wakaanza kuupigania: chama cha kutetea Kiafrikaans kikaundwa Paarl mwaka 1875, na mwaka 1925 sheria ikakitambua kuwa lugha rasmi. Chini ya Uholanzi, mtoto wa Paarl angefundishwa na mwalimu aliyetoka Utrecht, na kila akifungua kinywa angeambiwa hicho si Kiholanzi sanifu. Suriname ndivyo ilivyo hadi leo: ofisini na darasani Kiholanzi, sokoni na nyumbani Sranan Tongo. Lakini Curaçao, kisiwa cha Karibea kilichobaki nacho na Uholanzi, inanizuia kusema kwa uhakika, kwa sababu lugha ya wenyeji, Papiamentu, ilipambana na Kiholanzi na mwaka 2007 ikapata hadhi rasmi. Nadhani Kiafrikaans kingeishi, ila kama lugha ya watu weusi na machotara wa Rasi zaidi kuliko bendera ya Makaburu.

Nina ushahidi mmoja ninaoupenda sana kwa hilo. Katika karne ya 19 Waislamu wa Cape Town walikuwa wakiandika Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu madrasani, kama mababu zetu walivyoandika tenzi za Kiswahili. Kitabu cha fikihi cha Abu Bakr Effendi, Bayan al-Din, kilichapwa Istanbul mwaka 1877 katika Kiafrikaans cha herufi hizo. Mtu anayedhani lugha ile ni mali ya Makaburu peke yao aanzie hapo.

Jumuiya hiyo ya Waislamu nayo ingekuwa na sura nyingine. Kampuni ilikuwa na desturi ya kuwahamishia Rasi viongozi wasumbufu wa visiwa vya Indonesia. Sheikh Yusuf wa Makassar aliletwa mwaka 1694, na Tuan Guru, aliyekuja kuwa imamu mkubwa Cape Town, aliletwa mwaka 1780. Mwaka 1825 Diponegoro aliinua vita Java vilivyodumu miaka mitano. Alipokamatwa mwaka 1830 alipelekwa Sulawesi, akafia uhamishoni Makassar mwaka 1855. Kama Rasi ingekuwa bado ya Uholanzi, kwa nini asipelekwe huko, mbali kabisa na wafuasi wake? Naona jambo hilo lingewezekana sana. Cape Town ingekuwa na kaburi lingine la kuzuriwa, na uhusiano wake na Java usingekatika kama ulivyokatika.

Kuhusu fedha na jeshi sitachukua muda mrefu. Rasi haikuwahi kuiletea Kampuni faida, na Uholanzi ya baada ya 1814 ilikuwa na madeni, kisha Ubelgiji ikajitenga mwaka 1830. Tegemeo lilikuwa Java, ambako kuanzia mwaka huohuo wakulima walilazimishwa kulima kahawa, miwa na nili kwa ajili ya serikali. Kati ya 1831 na 1877 hazina ya Uholanzi ilivuna huko zaidi ya gulden (fedha ya Uholanzi) milioni 800. Watu wa kupigana hawakutosha. Kati ya 1831 na 1872 walichukuliwa vijana wa Kiafrika wapatao 3,000 kutoka Elmina kwenda kuwa askari Java, na wenyeji wakawaita Belanda Hitam, Waholanzi weusi. Nchi inayotafuta askari Ghana kwa ajili ya Java isingeweza kupeleka maelfu ya wanajeshi mto Keiskamma, nchini kwa Waxhosa. Kwa hiyo Waxhosa wangebaki na ardhi yao kwa muda mrefu zaidi. Nayo meli zilizowaleta walowezi wa Kiingereza wapatao 4,000 mwaka 1820 zisingekuja.

Makaburu je, wangehamia bara? Wengi hudhani walimkimbia Mwingereza tu. Wanasahau kwamba mwaka 1795, kabla Mwingereza hajaichukua Rasi, wakulima wa Graaff-Reinet na Swellendam walikuwa wameshawafukuza maofisa wa Kampuni. Walikuwa watu wasiotaka serikali yoyote iingilie kati yao na watumishi wao. De Mist na Janssens waliliona hilo wazi. Wangehama taratibu, familia kwa familia, kama walivyokuwa wakifanya tangu zamani. Lakini ule msafara mkubwa wa miaka ya 1830, uliogeuzwa baadaye kuwa hadithi takatifu ya taifa lao, usingekuwepo. Msafara ule ulihitaji adui aliye Mwingereza.

Halafu mwaka 1867 almasi ingeonekana karibu na Hopetown, kwa sababu mawe hayajui bendera. Hapo ndipo naona Uholanzi ingeshindwa. Mwaka 1872 ilikabidhi Elmina kwa Uingereza kwa sababu gharama zilizidi mapato. Rasi yenye almasi isingekabidhiwa kirahisi hivyo, lakini isingelindika pia. Dhana yangu ni kwamba Uingereza ingeingia kwa mlango wa biashara na mikopo, miaka sitini au sabini baada ya 1814, na kukuta nchi ambayo watu wake wote wanasema aina fulani ya Kiholanzi.

Hata huku kwetu mambo yangebadilika. Bila vita vya 1899 hadi 1902 kati ya Waingereza na Makaburu, kusingekuwa na familia za Makaburu walioshindwa, wakapanda meli na kuja Afrika Mashariki. Baadhi walifika maeneo ya Meru na Arusha wakati wa Wajerumani. Wengine mwaka 1908 walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapandisha magari ya maksai mpaka Uasin Gishu. Eldoret ilianzia kwenye shamba namba 64, na kutokana na namba hiyo wenyeji wakaita mahali hapo Sisibo. Jenerali Smuts, Kaburu aliyeongoza majeshi ya Uingereza, asingeiteka Morogoro mwaka 1916, na huenda ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, isingehitaji kukutana Morogoro hiyohiyo mwaka 1969.

Nimeliacha mwisho jambo linaloniumiza kila ninapolifanyia hesabu. Mwaka 1814 Rasi ilikuwa na watumwa wapatao 30,000. Biashara ya watumwa Uholanzi ilikubali kuipiga marufuku mwaka huohuo kwa shinikizo la Uingereza, lakini utumwa wenyewe iliuacha uendelee. Chini ya Uingereza, watumwa wa Rasi walitangazwa huru tarehe 1 Desemba 1834, wakalazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, wakatoka kweli mwaka 1838. Suriname ilisubiri hadi tarehe 1 Julai 1863, na hata hapo wengi walifungwa kwa mikataba ya kazi chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka kumi, hadi 1873. Waliolipwa fidia ni wamiliki, gulden 300 kwa kila mtu.

Mchukue kijana mmoja wa Msumbiji, mmoja wa wale walioitwa Masbieker pale Cape Town, mwenye umri wa miaka 20 mwaka 1814. Katika historia tunayoijua alitoka utumwani akiwa na miaka 44, bado ana nguvu ya kujenga nyumba na kuwaona watoto wake wakikua huru. Kwa kalenda ya Suriname angetangaziwa uhuru akiwa na miaka 69. Siku ambayo uangalizi wa serikali ungekwisha angekuwa na miaka 79, kama angekuwa hai.